Kufika Point Lenana kwa Njia ya Sirimon: Mwongozo Kamili kwa Waliorudishwa Njiani

Kila baada ya likizo ya Agosti na ile ya Desemba ujumbe hunijia ukiwa na maneno yale yale: "Tulifika Shipton's, kichwa kikagoma, tukarudi." Shipton's ni kambi ya mwisho kabla ya Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa kutembea. Anayeandika huwa ni kijana mwenye pumzi, anayekimbia kilomita kumi kila Jumapili. Kinachomuuma zaidi ni kwamba yule mwenzake aliyekokota miguu nyuma tangu langoni ndiye aliyefika, akapiga picha na kibao.

Mimi pia nilirudishwa mara ya kwanza. Nilipanda Mlima Kenya kwa siku mbili, nikiwa na jinzi na hudi, na saa kumi usiku nilikuwa nimeinama juu ya jiwe nikitapika chai. Kilele sikukiona hata kwa mbali.

Usiku wa kilele sio unaowashinda watu. Wanashindwa siku ya kwanza na ya pili, wanapopanda haraka na kulala wamelowa. Usiku ule huja tu kudai deni. Kwa hiyo hatua za mwanzo hapa ni ndefu, na ya kilele ni fupi.

## Vitu unavyohitaji

Kusanya vyote kabla ya kulipa chochote. Vingi vinapatikana kwenye masoko ya Gikomba au Toi, Nairobi, kwa bei ya mitumba, ukienda asubuhi na mapema na ukijua unachotafuta.

Mwilini:
- Buti zinazofunika kifundo cha mguu, ulizokwisha kuzitembelea angalau wiki tatu. Buti mpya ni malengelenge.
- Soksi nene za sufu, jozi tatu. Moja ni ya kulalia tu.
- Nguo za ndani ndefu, juu na chini, za sufu au poliesta. Si pamba.
- Sweta nzito, na juu yake koti lililojazwa manyoya au pamba bandia.
- Koti la mvua na suruali ya mvua. Vyote viwili. Poncho pekee haitoshi, upepo wa juu huipindua kama mwavuli.
- Mavin, yaani kofia ya kufunika masikio, na glavu jozi mbili: nyembamba ndani, nzito nje.
- Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua.

Begini:
- Mfuko wa kulalia unaostahimili baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na mkeka wa sponji.
- Tochi ya kichwani na betri za akiba. Tochi ya simu haifai: inakula chaji, na inakunyima mkono mmoja.
- Chupa mbili za maji za lita moja, zenye mdomo mpana.
- Fimbo mbili za kutembelea. Utazishukuru wakati wa kushuka.
- Dawa ya kusafisha maji, dawa ya maumivu, chumvi na sukari ya kunywa ukiharisha, plasta.
- Mifuko minene isiyopitisha maji ya kufungia nguo kavu ndani ya begi. Kifuniko cha begi huzuia manyunyu. Mvua ikinyesha saa tatu mfululizo, maji hupenya.

Chakula: unga wa wimbi wa uji, unga wa ugali, tambi za haraka, chapati za siku mbili za kwanza, njugu, sukari guru, majani ya chai na tangawizi. Acha maharagwe mabichi nyumbani. Katika mita 4,200 maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 86 tu, kwa hiyo sufuria inatokota kwa kelele na mbegu haziivi. Nimewahi kuwaona watu wakilinda githeri kwa saa tatu, gesi ikaisha, na mahindi bado yanalia kati ya meno.

Neno kuhusu pamba. Jinzi, fulana ya kawaida na hudi hunyonya maji na kukaa nayo. Mlimani, nyuzi tano za joto pamoja na mvua na upepo humwangusha mtu haraka kuliko baridi kavu ya usiku. Ukiweza kununua kitu kimoja tu kipya dukani, kiwe koti la mvua.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mvua

Watu huchagua tarehe kwa kuangalia likizo ya kazini. Anza na mvua, kisha omba likizo.

Katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Huu ndio wakati mkavu zaidi. Januari na Februari anga huwa safi, njia kavu, na kilele huonekana kutoka Nanyuki asubuhi nyingi. Tahadhari mbili: anga safi huachia joto lote usiku, kwa hiyo baridi ni kali kuliko unavyodhani, na nyasi za nyika ya juu huwa zimekauka kama karatasi. Moto mkubwa wa Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la mlima huu. Usiwashe moto wa kuni kamwe, hata kama umepata kuni.

Katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kavu pia, lakini mawingu ni mengi, na Agosti mabanda hujaa wanafunzi na vikundi vya makanisa. Weka nafasi mapema au beba hema.

Katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba. Mvua fupi. Asubuhi inaweza kuwa nzuri, alasiri ikakunyeshea mvua ya mawe. Anayejua mlima huweza kupanda, mgeni asubiri.

Mwisho wa Machi hadi Mei. Mvua ndefu. Juu huwa ni theluji inayofunika alama za njia, chini ni tope. Kila mwaka kuna mtu anayeniambia, "lakini Aprili ni bei nafuu." Ndiyo, na sababu unaijua.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, lenga usiku wa kilele uangukie siku ile ile ya mwezi mpevu au siku mbili tatu baada yake. Mwanga wake kwenye changarawe ya juu unasaidia kuliko tochi.

Kwa nini Sirimon? Iko upande wa kaskazini-magharibi, ambao hupata mvua kidogo kuliko pande nyingine, na mteremko wake ni wa polepole. Njia ya Naro Moru ni fupi, na ufupi huo ndio mtego wake: inakupandisha haraka, kisha inakupitisha kwenye kinamasi cha mlimani ambacho wapandaji wamekibandika jina la tope la wima. Njia ya Chogoria ndiyo inayopendeza macho kuliko zote, ina bonde la Gorges na ziwa Michaelson, ila barabara ya kufikia lango lake mvua ikinyesha ni kilio. Iweke kwa safari ya pili.

*Dalili ya kufanikiwa:* una tarehe zenye siku tano kamili za mlimani, na ya sita ya akiba.

## Hatua ya 2: Andaa miguu, wiki nane kabla

Kukimbia kunajenga pumzi, lakini mlima hauulizi pumzi peke yake. Unauliza kama magoti yako yanaweza kushuka mita 1,700 na begi mgongoni.

Kwa hiyo panda ngazi. Jengo la ghorofa nane linatosha: mara mbili kwa wiki, kupanda na kushuka kwa dakika arobaini ukiwa na begi la kilo nane. Usitumie lifti kushuka, maana kushuka ndiko kunakojenga paja la mbele. Jumamosi tafuta mlima wa kweli. Wa Nairobi wana Ngong. Anayeweza kufika Kijabe aende Longonot, akazunguke mdomo wote wa volkeno. Wa Nyeri wana Aberdare mlangoni.

Wiki mbili kabla ya safari fanya mazoezi ya siku mbili mfululizo. Siku ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu buti zako.

*Dalili ya kufanikiwa:* unatembea saa sita na begi, na kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta.

## Hatua ya 3: Ruhusa, kiongozi na wapagazi

Mlima uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Ada hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen. Usifike langoni na noti mfukoni ukitegemea kaunta. Ada huhesabiwa kwa siku, na ya raia ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho halisi.

Peke yako huruhusiwi kuingia. Hata ingekuwa unaruhusiwa, ukungu wa saa nane mchana hufuta njia ambayo asubuhi ilionekana kama barabara kuu.

Tafuta kiongozi mwenye kadi ya mlima huu, kisha muulize maswali matatu: Siku ngapi unapendekeza? Mtu akiumwa kichwa Shipton's unafanya nini? Umewahi kumrudisha mteja lini mara ya mwisho, na kwa nini? Anayesema "siku tatu zinatosha, wewe ni kijana" mshukuru, umlipie chai, umtafute mwingine. Aliyenipandisha mimi siku mbili alisema hivyo hivyo.

Wapagazi wakubebee begi kubwa. Wewe baki na maji, koti la mvua, sweta na vitafunio. Kabla hamjaondoka angalia miguu yao. Mpagazi mwenye raba zilizotoboka ni jukumu lako pia, kwa sababu akiugua, mfuko wako wa kulalia umeugua naye.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, lango hadi Old Moses

Lala Nanyuki usiku uliotangulia. Mji uko karibu mita 1,950, na usiku mmoja pale ni mwanzo wa bure wa kuzoea mwinuko. Wanaoondoka Nairobi alfajiri kwa matatu na kuanza kupanda mchana wamejinyima huo.

Lango la Sirimon liko mita 2,650. Kutoka hapo hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni kilomita tisa za barabara ya gari. Msituni nyati na tembo wapo. Kaeni pamoja, na msitembee gizani.

Gari linaweza kukufikisha karibu na kambi. Likatae. Zile saa tatu nne za mguu ndizo zinazouambia mwili kwamba safari imeanza.

Tembea mwendo wa kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, umeenda mbio. Waelekezi watakwambia "pole pole" mpaka uchoke kuisikia. Si adabu tu ile, ni dawa. Kijana wa Jumapili huanza kukosea hapa hapa, kwa kuwa barabara ni laini na miguu ina njaa ya kukimbia.

Mkifika, badilisha nguo za jasho kabla ya kukaa. Si baada ya chai. Kabla. Jasho la saa tisa mchana ndilo baridi ya saa moja usiku.

Kisha acha begi, panda tena taratibu nusu saa juu ya kambi, shuka, ule. Kupanda juu na kulala chini ndiyo kanuni ya safari nzima.

*Dalili ya kufanikiwa:* umekunywa lita tatu kwa siku, umekojoa mkojo mweupe, na umekula ugali ukamaliza.

## Hatua ya 5: Siku ya pili, ile ambayo watu huiruka

Ratiba ya kawaida hutoka Old Moses moja kwa moja hadi Shipton's: kilomita 14, kutoka mita 3,300 hadi 4,200 kwa siku moja. Ushauri wa matabibu wa milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku. Hapo unaruka 900. Wale wa "kichwa kikagoma" karibu wote walipita hapa.

Una njia mbili za kurekebisha.

Mwenye hema achepuke kupanda bonde la Likii North, alale karibu na mita 3,990. Bado ni mruko mkubwa kidogo, lakini mwili hupewa usiku mmoja wa kujipanga kabla ya Shipton's. Kibanda cha zamani kilichoko pale usikitegemee kwa malazi. Kiongozi awe anaijua njia hiyo, maana siku inayofuata mnavuka ukingo mkali kuingia bonde la Mackinder.

Asiye na hema alale Old Moses usiku wa pili. Asubuhi panda na begi dogo hadi mita 3,700 hivi, kaa pale saa moja, kunywa chai, shuka. Njia zote mbili huongeza siku moja kwenye ratiba ya kawaida, na ndiyo maana nikakuambia uwe na siku tano kamili.

Kuhusu Diamox, yaani asetazolamaidi: inasaidia mwili kuzoea haraka, huanzwa siku moja kabla ya kupanda, na hukufanya ukojoe sana na kuhisi ganzi ya vidole. Mwenye mzio wa dawa za salfa awe mwangalifu. Daktari akupe na akupangie kipimo. Usiazime ya mwenzako kambini. Wala si leseni ya kukimbia.

## Hatua ya 6: Siku ya tatu, Shipton's na kipimo cha mstari

Bonde la Mackinder ni zuri mno, na utakuwa na muda wa kulitazama kwa sababu mwendo ni wa konokono. Senesio wakubwa, mimea mirefu ya mlimani, wamesimama kama wazee waliojifunika mablanketi. Chungulia katikati ya lobelia, mmea mwingine wa huku, iliyo karibu na ardhi: ina maji yaliyotuama. Asubuhi ukikuta yana ukoko wa barafu, ujue na chupa iliyoachwa nje ya mfuko wa kulalia imeganda vivyo hivyo.

Shipton's iko mita 4,200, na Batian, kilele kirefu kuliko vyote, imesimama juu yake kama ukuta. Pimbi watakuja kukusalimia. Ni wanono, hawana aibu, na zipu ya begi wanaijua. Funga chakula, na usiwalishe.

Mchana, kama kichwa ni kizuri, panda taratibu kuelekea mapito ya Simba Col au Hausburg Col, zote mbili karibu na mita 4,600. Huhitaji kufika. Panda saa moja na nusu, kisha rudi.

Jioni, fanyeni ukaguzi wa wazi. Kila mtu aseme ukweli mbele ya kiongozi:

- Kichwa kinauma kidogo, chakula kinapita: kawaida. Kunywa maji, meza dawa ya maumivu, lala mapema.
- Kichwa kinauma na dawa haisaidii, unatapika, umechoka kupita kiasi: ugonjwa wa mwinuko. Hupandi usiku huu. Ukizidi, shuka.
- Unapumua kwa shida ukiwa umekaa, au unakohoa povu: maji yanajaa mapafuni. Shuka sasa hivi.
- Umechanganyikiwa, unayumba, unaongea kama mlevi: ubongo unavimba. Shuka sasa hivi, hata kama ni usiku, na usiachwe peke yako.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Chora mstari wa mita tano chini kwa fimbo. Mgonjwa atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, aende na kurudi. Anayeanguka pembeni hana mjadala. Kipimo hiki hakijali umelipa kiasi gani.

Hatari kubwa ni anayenyamaza. Kwenye kundi langu moja, dada mmoja alificha maumivu ya kichwa kwa siku nzima kwa kuogopa kuwaharibia wenzake safari. Tulimgundua alipovaa glavu mguuni na kukasirika kwamba haiingii. Alishushwa saa mbili usiku na wapagazi wawili. Alipofika chini ya Old Moses alikuwa anaomba chapati. Kushuka hutibu haraka namna hiyo, ukiwahi.

*Dalili ya kufanikiwa:* umekula, umetembea mstari, na umelala hata kama ni kwa vipande. Karibu hakuna anayelala vizuri Shipton's, usijitie wasiwasi kwa hilo.

## Hatua ya 7: Usiku wa kilele

Amka saa saba na nusu usiku. Nguo za kilele uwe umezilalia ndani ya mfuko, pamoja na betri, simu na chupa. Chupa igeuzwe mdomo chini, kwani barafu huanza kuganda juu. Asubuhi ukiifungua, mdomo uko wazi.

Kunywa uji. Ondokeni saa nane hadi saa nane na nusu. Mnaondoka usiku kwa sababu mbili: changarawe ya juu huwa imeshikwa na baridi, ni imara chini ya mguu, ilhali jua likichomoza inakuwa hatua mbili mbele, moja nyuma, na mawingu hupanda kuanzia saa nne asubuhi.

Anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukianza na koti zito utatoka jasho dakika ya kumi, nalo litaganda mgongoni dakika ya sitini. Koti zito hutolewa mkisimama.

Kutoka Shipton's hadi mita 4,985 ni karibu mita 785 za kupanda, saa tatu hadi nne. Hewa ya juu kule ina zaidi kidogo ya nusu tu ya oksijeni unayoivuta Mombasa. Kwa hiyo: hatua, pumzi, hatua, pumzi. Kusimama kuwe kwa dakika mbili, ukiwa wima. Anayekaa kwenye jiwe anaganda, na kuinuka kwake ni vita.

Mtapita karibu na kidimbwi cha Harris. Sehemu ya mwisho ni ya miamba, na kuna vyuma vilivyogongewa kwenye jiwe vya kushika na kukanyaga. Vua glavu nzito tu, baki na nyembamba. Chuma cha nyuzi chini ya sifuri hunata kwenye ngozi. Januari, baada ya mvua fupi zilizochelewa, upande huu wa kaskazini unaweza kuwa na mabaka ya barafu ngumu. Hapo mpisheni kiongozi mbele, akanyage kwanza.

Wekeni saa ya kurudi kabla hamjaondoka kambini. Yangu ni saa mbili asubuhi: popote mlipo, mnageuka.

*Dalili ya kufanikiwa:* saa kumi na mbili na nusu jua linachomoza, Batian na Nelion zinageuka rangi ya kutu mbele yako, na bado una nguvu za kushuka. Picha dakika kumi, chai, ondoka.

## Hatua ya 8: Kushuka

Magoti huharibika hapa, na vifundo huteguka hapa. Kaza kamba za buti juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Refusha fimbo kidogo. Piga hatua fupi. Shipton's mnapata chakula, kisha mnaendelea hadi Old Moses siku hiyo hiyo, maana kulala chini ndiyo dawa ya kichwa kilichobaki. Siku ya tano mko langoni.

Takataka zote mshuke nazo, pamoja na karatasi za chooni. Bakshishi za wapagazi na kiongozi zipangwe na kundi zima usiku uliotangulia, si kwa kupapasa mifuko langoni huku matatu inapiga honi.

## Ukitaka mwamba wenyewe

Lenana ni kutembea. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni kupanda mwamba kwa kamba, na mtu hawezi kuzijaribu kwa sababu tu Lenana ilimwendea vizuri.

Anzia hifadhi ya Hell's Gate. Mnara wa Fischer una mita 25 hivi, uko karibu na lango, na kuna waelekezi wanaokodisha hanesi (mikanda ya kupandia), kofia ngumu na kamba. Kofia ivaliwe hata na anayesubiri chini, kwa sababu mawe huanguka. Kagueni pia nyuki: ukisikia mvumo kwenye ufa, badilisheni njia. Na kama mawingu yamejaa kokote katika nyanda za juu, msishuke kwenye korongo baada ya kupanda. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba mle.

Kisha miamba mingine, kama ile ya Lukenya, ukiwa na watu wa klabu ya milima. Hapo utajifunza kushika kamba ya mwenzako, kuweka vifaa kwenye nyufa na kushuka kwa kamba. Uko tayari kufikiria Batian siku unapofunga fundo lenye umbo la nane umefumba macho, una glavu, na mikono imekufa ganzi. Jaribu kwa kushika barafu dakika mbili kwanza.

Misimu ya kilele ni miwili na inapingana. Mlima uko kilomita chache tu kusini mwa ikweta. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, kwa hiyo uso wa kaskazini hukauka na ndio wakati wa kupanda Batian kutokea Shipton's; kusini ni barafu. Desemba hadi mwanzoni mwa Machi mambo hugeuka, na wapandaji huenda Nelion kwa uso wa kusini-mashariki. Anayekwenda kaskazini Januari kwa kuwa "Januari ni kavu" atakuta nyufa zimejaa barafu. Ni kosa la pili kwa wingi ninaloulizwa, baada ya kichwa cha Shipton's. Ile njia maarufu ya barafu ya upande wa kusini, Diamond Couloir, ambayo Mkenya Thumbi Mathenge na Phil Snyder waliipanda kwa mara ya kwanza 1973, barafu yake imepungua sana. Usiipange kwa kutegemea maelezo ya zamani.

Vilele hivi vyote viwili ni zaidi ya urefu wa kamba kumi na tano, na kushuka kwake huchukua karibu muda ule ule wa kupanda. Wengi hukutwa na giza kwenye kushuka. Anzeni kukiwa na mwanga wa kwanza tu, na wekeni saa ya kugeuka na muifuate hata kama kilele kinaonekana.

Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati, ambacho Ian Howell alikijenga 1970 kwa kupanda peke yake mara 13. Kimewaokoa wengi. Ila ukikipanga kama malazi yako, jua kwamba kina nafasi ya watu wachache waliobanana, hakuna maji mpaka uyeyushe theluji, na huenda mkakuta waliowatangulia wamekwisha kujilaza mlangoni.